Chupa ya mafuta ya samaki na kumbukumbu ya muadhini wetu

Ilikuwa adhuhuri ya Jumatano, na waumini wachache tu walikuwa wamekwishafika msikitini. Muadhini wetu, mzee aliyeshika kipaza sauti cha msikiti huu kwa zaidi ya miaka ishirini, alianza adhana kwa sauti yake ile ile tuliyoizoea. Alipokaribia mwisho, kabla ya takbira za kufungia, akaongeza tamko la kuwa swala ni bora kuliko usingizi. Hata mtoto wa madrasa anajua kuwa tamko hilo ni la alfajiri peke yake. Vijana waliokuwa wakitawadha walitazamana, na mmoja wao akacheka. Mzee mwenyewe hakujua kuwa amekosea. Ilipokimiwa swala alisimama mahala pake katika safu ya kwanza kama kawaida.

Wiki zilizofuata mambo yakazidi. Aliuliza swali moja mara tatu kabla ya kikombe cha kahawa kwisha. Siku moja alipotea akitoka sokoni, njia aliyoipita tangu ujana wake, akarudishwa nyumbani na mwendesha bodaboda. Kisha Ijumaa moja, baada ya swala, binti yake mkubwa alinifuata katika ofisi ya kamati. Alifungua mkoba akatoa chupa ya plastiki iliyojaa vidonge laini vya rangi ya dhahabu, akaiweka mezani juu ya daftari la michango.

"Ustadhi," aliniambia, "aliyeniuzia amesema haya ni mafuta ya samaki, yanazima moto ulio ndani ya ubongo na kurudisha kumbukumbu. Nimetoa shilingi elfu themanini na tano. Nataka unijibu mambo mawili. Je, ni halali? Na je, ni kweli?"

Swali la kwanza nilikuwa na pa kuanzia. La pili niliomba muda, kwani mimi si tabibu. Chuoni nilifundishwa fiqhi, lugha na usimamizi wa vyuo vya Qur'ani, sikufundishwa kemia ya ubongo. Nikaanza kusoma, na nikamsumbua daktari mmoja anayeswali nasi hadi akazoea kuniona mlangoni kwake baada ya Isha. Makala haya ni jibu nililompa dada yule, na nimeliandika kwa sababu chupa kama ile sasa zinazunguka katika nyumba zetu nyingi, hasa zile zenye wazee.

Nianze kwa kumtendea haki muuzaji. Maneno yake hayakutoka hewani. Nyuma yake kuna elimu ya kweli, tena miongoni mwa elimu nzuri zilizopatikana katika miaka arobaini iliyopita, na ndiyo maana maneno yale yaliingia akilini kwa urahisi.

Moto na wanaouzima

Mtu akijikata kisu jikoni, au mwiba ukimchoma mguuni, pahala palipoumia hugeuka pekundu, huvimba, hupata joto na huuma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mrumi aitwaye Celsus karibu miaka elfu mbili iliyopita. Wataalamu wetu wa Kiswahili wameliita jambo hilo mchochota. Mchochota wenyewe si ugonjwa. Ni jeshi la ulinzi linalokimbilia mpakani: mishipa ya damu hupanuka, chembe nyeupe za damu humiminika, na vijidudu huuawa. Bila mchochota, mkwaruzo mdogo ungeweza kumuua mtu.

Tabu huja pale ambapo vita vimekwisha lakini jeshi limekataa kurudi kambini. Askari wale wale waliomlinda mwenye nyumba huanza kuvunja milango yake. Mchochota wa namna hiyo, ule wa chini chini usiokwisha, umeonekana katika baridi yabisi, katika pumu, katika mishipa ya moyo, na ndani ya ubongo wa watu wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Kwa muda mrefu waganga waliamini kuwa mchochota hujifia wenyewe, kama jiko la mkaa linavyopoa mkaa ukiisha. Kazi kubwa ya watafiti ilikuwa kuelewa nani anauwasha. Ilibainika kuwa miongoni mwa wanaouwasha ni molekuli ndogo za mafuta, ziitwazo prostaglandini, ambazo seli huzitengeneza kutokana na mafuta yaliyomo katika ngozi yake. Mwaka 1971, John Vane wa Uingereza alionyesha kuwa aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini hizo. Mwaka 1982 yeye na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Basi ikazoeleka kufikiri kuwa mafuta ya mwilini ndiyo kiberiti, na dawa ni kukinyang'anya.

Lakini mwaka 1984, katika maabara ya Samuelsson mjini Stockholm, mtafiti kijana aitwaye Charles Serhan alishiriki kugundua molekuli nyingine za mafuta, zilizopewa jina la lipoksini, ambazo tabia yake haikufanana na ya kiberiti. Baadaye, akiwa Boston nchini Marekani, Serhan na wenzake walichunguza majimaji yanayokusanyika mahali penye mchochota kwa panya waliolishwa mafuta ya omega-3, wakitazama hasa ile saa ambayo mchochota unaanza kwisha. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii wakatangaza kundi jipya la molekuli na kuziita resolvini, kwa maana ya zinazolimaliza jambo.

Hapa ndipo fikra ya zamani ilipopinduka. Mchochota haujifii. Unazimwa. Mwili una wazima moto wake, na wazima moto hao wameumbwa kwa mafuta kama walivyoumbwa washa moto. Resolvini huziambia chembe nyeupe za mbele zisiendelee kuja. Kisha huziita seli nyingine, zile walaji, zije zile maiti za chembe zilizokufa na mabaki ya vijidudu, zisafishe uwanja. Moto wa nyumba ukizimwa, wenye hekima hawaondoki hapo hapo. Hutoa majivu, hufagia, huangalia kama boriti imesalimika. Hiyo ndiyo kazi ya resolvini, na ndiyo tofauti yake na dawa nyingi za maumivu, ambazo huzuia kuwasha lakini hazifagii. Ajabu ni kuwa aspirini yenyewe, katika njia moja, hukigeuza kimeng'enya inachokizuia, kikashiriki kutengeneza aina fulani za molekuli hizi za kuzima. Watu walikuwa wanameza aspirini kwa karibu miaka mia moja bila kulijua hilo.

Ubongo ni kiungo cha mafuta

Ukiondoa maji yote katika ubongo wa mwanadamu, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Si mafuta ya akiba kama yale ya tumboni. Ni mafuta ya kujengea: kuta za seli, na ala zinazofunika nyuzi za neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Miongoni mwa mafuta hayo, moja lina cheo cha pekee. Jina lake kamili ni asidi ya dokosaheksaenoiki, na kila mtu huliita DHA kwa kifupi. Ni mnyororo wa kaboni 22 uliojikunja mara kadhaa, laini sana, unaoifanya ngozi ya seli ya neva iwe nyepesi kupitisha habari. Mtoto huyapokea mafuta haya kwa wingi kutoka kwa mama yake katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kisha katika maziwa yake, wakati ambapo ubongo wake unakua kwa kasi isiyorudi tena maishani.

Mwili wetu hauwezi kuyatengeneza haya kutokana na sukari wala ugali. Unaweza kuyatengeneza kidogo kutokana na mafuta ya baadhi ya mbegu, kama soya na kitani, lakini kwa kiwango hafifu mno. Njia iliyo wazi ni samaki. Na samaki naye hakuyabuni. Aliyapata kwa viumbe vidogo vya majini, na vile vikayapata kwa mimea midogo isiyoonekana kwa macho inayoelea majini.

Sasa tumfuate mtafiti wa pili, Nicolas Bazan, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi kwa miongo mingi mjini New Orleans. Swali lake lilikuwa hili: DHA yote hii iliyoko katika ubongo na katika jicho, je, ni tofali tu la ukuta, au ina kazi nyingine siku ya msiba?

Alianza na jicho, na jicho linastahili tulisimamie kidogo. Nyuma ya jicho kuna retina, na seli zake za kupokea mwanga zimejaa DHA kuliko karibu seli nyingine yoyote. Kwa kuwa mwanga unaziunguza, kila siku seli hizo hukatika ncha zake na kuota nyingine. Chini yake kuna tabaka la seli zilizosimama kama watumishi. Kila siku, maisha yote ya mtu, watumishi hao huzila ncha zilizokatika, huyachambua mafuta yake na kuyarudisha yakatumike tena. DHA haitupwi ovyo. Lakini watumishi hao wenyewe hawazaliwi upya. Wakifa, mwenye jicho huanza kupoteza uoni.

Mwaka 2004 Bazan, Serhan na wenzao walieleza kuwa seli hizo za chini zinapopata dhiki, huchukua DHA kutoka katika ngozi yake na kwa kimeng'enya maalumu huigeuza kuwa molekuli inayozuia seli isijiue. Wakaiita neuroprotektini D1, yaani mlinzi wa neva. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wameiona molekuli hiyo hiyo katika ubongo wa panya waliokatiwa damu kwa muda, mfano wa kiharusi, ikipunguza chembe nyeupe zilizovamia ubongo. Mlinzi huyu hakai ghalani akisubiri. Hutengenezwa saa ile ile ya hatari, kutokana na mafuta yaliyokuwa ukutani.

Mwaka 2005 ikaja habari iliyomhusu mzee wetu moja kwa moja. Watafiti hao walipima ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa wa Alzheimer, hasa sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo ndiyo karani wa kumbukumbu mpya. Katika sehemu hiyo mlinzi wa neva alikuwa amepungua sana, na DHA yenyewe pia ilikuwa imepungua. Wakati huo huo inajulikana kuwa katika ugonjwa huo walinzi wakazi wa ubongo, seli ziitwazo maikroglia, huwa katika hali ya hamaki ya kudumu, zikipambana na uchafu wa protini uliolundikana na kuwadhuru majirani zao.

Mtu akiyasoma haya usiku, peke yake, ataona kama njia imenyooka: moto upo, wazima moto wamepungua, malighafi ya wazima moto ni mafuta ya samaki, basi mpe mzee mafuta ya samaki. Nakiri kuwa mimi mwenyewe nilifika hapo, na nilikuwa karibu kumpigia simu yule dada nimwambie aendelee. Daktari wetu ndiye aliyenishika mkono. "Umesoma habari za panya na za bakuli la maabara," alisema. "Sasa soma habari za watu."

Walipojaribiwa watu

Habari za watu ni hizi. Nchini Marekani watafiti waliwachukua watu 402 wenye Alzheimer ya kiwango cha chini hadi cha kati. Wengine wakapewa gramu 2 za DHA kila siku, wengine vidonge vya mfano visivyo na dawa, kwa miezi 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kumbukumbu na uwezo wa kujitegemea vilishuka kwa makundi yote mawili kwa mwendo ule ule. DHA haikupunguza kasi ya ugonjwa.

Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la watu 25,871 wenye afya waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano wakitumia gramu 1 ya omega-3 kila siku au kidonge cha mfano. Kwa jumla, vidonge havikupunguza saratani, wala havikupunguza kwa kiwango cha kutegemewa jumla ya mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu kupunguza hatari ya kupoteza kumbukumbu, lilisema bila kuficha kuwa vidonge vya mafuta haya visipendekezwe kwa lengo hilo.

Kwa nini basi? Majibu yanayotolewa ni mengi na hakuna lililofunga mjadala. Huenda mgonjwa anapoanza kupoteza njia ya sokoni, uharibifu umekwishakaa miaka mingi. Huenda tabu haiko katika malighafi bali katika kiwanda: vimeng'enya vya kuigeuza DHA kuwa mlinzi ndivyo vilivyozorota, na kumpelekea fundi mgonjwa shehena ya mbao hakumwezeshi kusimama. Hilo ndilo jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ndani ya chupa hamna resolvini wala neuroprotektini ya kutosha kuitwa dawa. Mna malighafi. Watafiti wanajaribu kutengeneza molekuli zenyewe, au mfano wake ulio imara, ziwe dawa halisi. Kazi hiyo inaendelea, na haijafika kwenye duka la dawa la mtaani kwako.

Na malighafi yenyewe si kitu cha kumeza bila hesabu. Vipimo vikubwa vya omega-3 vimeonekana kuongeza hatari ya mapigo ya moyo kwenda ovyo, na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hapaswi kujiongezea bila kumwambia daktari wake.

Kuhusu swali la halali, nilimweleza dada yule hivi. Samaki hana utata kwetu. Utata uko katika ganda. Vidonge vingi laini hufunikwa kwa jelatini, na jelatini hutoka kwa ng'ombe, kwa samaki, au kwa nguruwe. Lebo ya chupa ile ilisema jelatini tu, bila kutaja mnyama. Kwa kitu ambacho faida yake kwa mzee haijathibitishwa na kwa hiyo hakuna dharura, sikuona sababu ya kuiingia shubha hiyo.

Kabla sijatoka katika maabara, nitaje molekuli moja zaidi kwa sababu inanifurahisha. Mwaka 1957 watafiti wa Marekani waliitenga kutoka katika kiini cha yai, soya na karanga molekuli ya mafuta inayotuliza mchochota. Kwa kifupi huitwa PEA. Ikakaa karibu kusahaulika, hadi mwaka 1993 ilipochukuliwa upya na Rita Levi-Montalcini wa Italia, aliyekuwa amepita miaka 80 na alikwishapata Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa kugundua protini inayokuza neva. Yeye na wenzake walieleza jinsi inavyozituliza seli zinazochochea maumivu. Aliishi hadi miaka 103 akiwa bado anafuatilia kazi za watafiti. Sitaki mtu ajaze karanga mfukoni kwa sababu ya habari hii, kwani kiwango kilichomo ni kidogo mno kuwa dawa. Nimeitaja kwa ajili ya wale wanaodhani mtu akifika sitini kazi yake imebaki ni kusinzia barazani.

Kikapu cha sokoni

Je, samaki basi hana kazi? Anayo, na hapa elimu ina miguu miwili ya kusimamia. Watu wanaokula samaki mara kwa mara wameonekana, katika tafiti nyingi za kufuatilia, kupata maradhi ya kumbukumbu kwa uchache kidogo. Huo si uthibitisho, kwani mla samaki huenda anatofautiana na jirani yake katika mambo mengine kumi, lakini ni dalili isiyopuuzwa. Uthibitisho ulio imara zaidi uko kwa mama mjamzito. Mapitio ya majaribio 70 yaliyohusisha karibu wanawake 20,000, yaliyotolewa mwaka 2018, yalionyesha kuwa omega-3 wakati wa ujauzito ilipunguza kuzaliwa kwa watoto kabla ya wiki ya 37, na ikapunguza zaidi kuzaliwa kabla ya wiki ya 34. Mtoto anayekaa tumboni hadi siku zake zitimie ameepushwa na mengi, na ubongo wake ni wa kwanza kunufaika. Kama katika nyumba yako kuna fedha ya samaki wa mtu mmoja tu, na mkeo ni mjamzito, unajua sahani ile ni ya nani.

Wala samaki huyo si lazima awe wa bei. Wenye mafuta mengi ni wale wadogo tunaowadharau: vibua, dagaa wa baharini, dagaa wa maziwa makuu. Mama mmoja muuza samaki pale Feri aliniambia, bila kusoma chochote, kuwa kibua mzuri ni yule anayeacha mafuta kwenye kisu. Samaki mkubwa mla wenzake, kama papa, hukusanya zebaki mwilini mwake, na zebaki ni sumu ya neva, hivyo mjamzito na mtoto mdogo wamwache. Najua nitalaumiwa na ndugu zangu wa mwambao kwa neno hili juu ya papa.

Upishi nao una neno lake. Mafuta haya laini huharibika kwa hewa, jua na moto mkali. Dagaa aliyekaa dukani hadi akatoa ule ukali unaokwaruza koo, mafuta yake yamekwishachacha, hata kama tui la nazi litaficha ladha. Chagua wanaong'aa, nunua kidogo kidogo. Kuchemsha, kuchoma kwa moto wa wastani au kupika mchuzi huyahifadhi kuliko kumzamisha samaki katika karai la mafuta yaliyotumika tangu juzi.

Kilichopatikana hospitali

Nimechelewesha makusudi jambo lililoniuma kuliko yote. Nilipompelekea dada yule majibu yangu, nilimuuliza mzee anatumia dawa gani nyingine. Alikaa kimya, kisha akasema hatumii. Alikuwa na vidonge vya presha, lakini muuzaji alimwambia dawa za hospitali ni kemikali zinazozuia mafuta yasifanye kazi. Na hata bila neno hilo, fedha iliyonunua chupa ndiyo ilikuwa ya vidonge vya presha vya miezi miwili.

Nilimtazama nikakosa la kusema. Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa alitoa fedha yake kwa mapenzi ya baba yake.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet liliorodhesha mambo 14 ambayo, kama yangedhibitiwa tangu utotoni hadi uzeeni, karibu asilimia 45 ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mafuta ya samaki hayamo katika orodha hiyo. Presha imo. Imo sukari, uvutaji sigara, kukosa elimu utotoni, upweke, uoni hafifu usiotibiwa, na usikivu uliopungua. Daktari alinifafanulia kuwa presha isiyotibiwa hupasua na kuziba mishipa midogo ya ubongo mmoja mmoja, bila kiharusi kikubwa cha kushtua mtu, mpaka siku moja mzee anaadhini adhuhuri kwa tamko la alfajiri.

Tulimpeleka hospitali Jumatatu iliyofuata, mimi, binti yake na mjukuu mmoja. Presha yake ilikuwa juu sana. Sukari ilikuwa sawa. Masikio yalipimwa, ikaonekana sikio la kulia halisikii karibu chochote na la kushoto limebaki nusu. Sehemu ya yale tuliyoyaita kusahau ilikuwa ni kutosikia: tulikuwa tunamwambia, hasikii, tunasema amesahau. Sehemu tu, si yote. Daktari alisema wazi kuwa ugonjwa wa kumbukumbu upo, kwamba hatamrudisha mzee wa miaka kumi iliyopita, na kwamba anachoweza ni kuzuia mishipa isiendelee kuharibika, kurekebisha usikivu, na kuwafundisha walio nyumbani jinsi ya kuishi naye. Mzee alisikiliza nusu ya maneno hayo, akaniuliza, "Mwanangu, Adhuhuri imeingia?" Nikamjibu bado. Baada ya dakika chache akauliza tena, nikamjibu tena.

Amerudi kwenye vidonge vya presha. Nyumbani wanapika vibua au dagaa mara mbili kwa wiki, kwa kuwa ni chakula kizuri na mzee anakipenda, hakuna aliyemwambia kuwa ni dawa. Jioni mjukuu humsomesha juzuu anayohifadhi, na mzee humrekebisha pale anapokosea. Yale aliyohifadhi utotoni hayajaguswa. Kamati imekusanya sehemu ya fedha ya kifaa cha sikio, bado nyingine. Adhana ya Adhuhuri na ya Alasiri ameendelea nayo, na kijana mmoja husimama karibu naye mpaka amalize.

Chupa imebaki kwenye droo ya ofisi. Dada yule alinikabidhi nimtafute muuzaji arudishe fedha. Namba iliyoandikwa ubavuni haipatikani tangu wiki ya kwanza ya mwezi uliopita.